Kupanga speli za mchawi wa ngazi ya 17

Katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la tano la 2014, mchawi wa ngazi ya 17 mwenye akili 20 huandaa speli (uchawi) 22 kwa siku. Ukijaza zote zile za dadu nyingi za kuumiza, orodha itapendeza na mchawi hatafaa kitu. Kinachobana ni umakini, yaani kuishikilia speli iendelee kufanya kazi: ukianzisha speli ya pili inayoudai, ya kwanza inakufa papo hapo.

Kwa hivyo tia alama kila speli ya umakini. Fly, Haste, Banishment, Polymorph na Wall of Force zinagombania kiti kimoja, kama abiria wa Mtwapa jioni. Zikizidi nane, punguza. Wall of Force ibaki: adui harushi dadu kujinusuru, hivyo zile kinga tatu za joka kongwe, za kugeuza dadu iliyoshindwa kuwa ya ushindi, hazina la kuizuia.

Halafu linda umakini huo. Pumzi ya joka jekundu kongwe huumiza wastani wa pointi 91 za uhai. Ukijinusuru, unapata nusu, 45, na kushikilia speli kunadai dadu ya pande 20 pamoja na ustahimilivu wako vifike 22, yaani nusu ya maumivu. Mwenye ustahimilivu wa +8 anahitaji 14 kwenye dadu, na wengi huangukia hapa. Ukijibu kwa Absorb Elements, speli ya kiwango cha 1 tu ya kupunguza maumivu kwa nusu, maumivu yanashuka hadi 22 na kinachodaiwa ni 11: dadu ya 3 inatosha. Lakini jibu ni moja kwa kila mzunguko. Ukishalitumia hapo, huna Counterspell (ya kuzima speli ya adui) wala Shield (ya kujikinga) hadi zamu yako irudi.

Nafasi za kupiga speli za kiwango cha 6 hadi 9 ni moja moja, na hurudi ukilala, basi jua siku ina mapambano mangapi. Kikao cha Jumapili alasiri kule Tudor, Mombasa, kinachokatizwa na mtu wa Likoni anayewahi feri, huwa na pambano moja au mawili, ila ndani ya mchezo siku bado mbichi. Muulize mwendesha mchezo mapema: tunalala lini?

Kagua na vifaa. Forcecage, kizimba cha kumfungia adui, inataka vumbi la rubi la thamani ya sarafu 1,500 za dhahabu, na mfuko wa kawaida wa vifaa haulipii kitu chenye bei. Vumbi hilo halipotei. La Simulacrum, speli ya kuunda nakala ya kiumbe, bei ile ile, linaisha, tena ni kazi ya saa 12 na theluji au barafu ya kutosha mwili mzima (hata ya kuwekea samaki inafaa). Wish hukwepa yote hayo, kwani inaiga speli yoyote ya kiwango cha 8 kushuka chini bila kifaa wala hatari. Ukiomba jambo jingine, kuna asilimia 33 kwamba hutaipiga tena maisha.

Misty Step, ya kuhamia ghafla mahali pengine, usiiache nyumbani. Ukishikwa na jitu, mguu haukutoi.