Namna ya Kusoma Maandishi ya William Stukeley Kuhusu Stonehenge na Avebury

William Stukeley, tabibu wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1687, alipima na kuchora mawe ya kale ya Stonehenge na Avebury, kusini mwa Uingereza, kwa bidii kubwa, kisha akayaeleza yote kuwa mahekalu ya Wadruidi, yaani makuhani wa kale wa Waselti. Vipimo vyake bado vinatufaa, ilhali maelezo hayo yameanguka. Huu ndio utaratibu ninaoufuata ili kuvitenganisha.

Hatua ya kwanza ni kupanga maandishi kwa wakati yalipoandikwa. Sehemu kubwa ya kazi ya uwandani ilifanyika kati ya 1719 na 1724, lakini kitabu cha Stonehenge kilichapishwa 1740 na cha Avebury 1743, baada ya mwandishi kuwa kasisi mwaka 1729. Kumbuka pia kwamba kabla ya 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari iliyoandikwa 1723 huenda kwetu ni Februari 1724.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, ni kuchora jedwali la safu mbili: ya kwanza kwa yale aliyoyaona, kuyahesabu au kuyapima, na ya pili kwa yale aliyoyakisia. Mfano bora ni mawe ya kilima cha Overton, karibu na Avebury, yaitwayo Sanctuary. Katika madaftari yake Stukeley aliyarekodi kama duara, lakini kitabuni yamekuwa umbo la yai, kwa kuwa alihitaji kichwa cha nyoka mkubwa ambaye, kwa imani yake, Avebury yote ilimchora. Ndiyo maana, panapo hitilafu, mimi hulipa daftari uzito mkubwa kuliko kitabu; mengi ya madaftari na michoro hiyo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford.

Hatua ya tatu ni kulinganisha safu ya kwanza na matokeo ya uchimbaji. Mawe ya Sanctuary yaling'olewa wakati wa uhai wake, lakini mwaka 1930 Maud Cunnington na mumewe waliyafukua mashimo yake. Njia ya mawe ya Beckhampton, ambayo Stukeley alisema ilitoka Avebury, ilitiliwa shaka kwa muda mrefu, hata wengine wakadhani aliibuni, mpaka wachimbaji walipoipata mwaka 1999. Kosa la nadharia, kwa hiyo, lisikufanye ufute alichokiona mtu kwa macho yake.

Usiziruke kurasa za ubomoaji. Stukeley anaeleza jinsi wanakijiji wa Avebury walivyochimba shimo, wakaliangusha jiwe ndani yake, wakaliunguza kwa moto wa majani makavu, wakachora mstari kwa maji baridi, kisha wakalipasua kwa nyundo ili wapate mawe ya kujengea. Kwa mawe mengi yaliyopotea, ushahidi wake hauna mbadala, na huzuni yake humo ni ya kweli.

Mwisho, ongeza safu ya tatu kwa yale aliyoyapokea kwa wengine. Katika uzee wake aliamini hati iliyodaiwa kueleza Uingereza ya enzi za Warumi, ambayo nakala yake aliletewa na Charles Bertram, Mwingereza aliyeishi Copenhagen, akachapisha maelezo yake mwaka 1757. Karne iliyofuata ikathibitika kuwa ya kughushi. Kila jina la mahali lililotoka katika hati hiyo liwekewe alama, na lisitumike mpaka lipatikane katika chanzo kingine kisichotegemea hati hiyo.