Jinsi ya kuomba hela ya kompyuta za shule kutoka Mfuko wa Jimbo, na kuchagua kompyuta zitakazodumu

Walimu wenzangu habari za kazi. Naongelea hapa shule za serikali Tanzania na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ule wa sheria ya 2009, maana ndio ulio karibu zaidi na shule. Kamati yake inaongozwa na mbunge, ila mradi wenyewe lazima uibuliwe huku chini kwa wananchi, kwahiyo kumpigia mheshimiwa simu peke yake hakutoshi.

Kabla ya kuandika chochote ingia kwenye chumba mnachotaka kuweka kompyuta. Hesabu soketi, angalia nondo za madirisha, kitasa, dari kama inavuja, halafu mwite fundi umeme apime athi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), maana umeme usio na athi unaunguza vifaa na unapiga watoto shoti. Yote hayo yaandike na bei zake. Maombi mengi yanakuja yameandikwa "tunaomba kompyuta 40" basi, hakuna nondo, hakuna nyaya, hakuna hela ya fundi, sasa zikija zinakaa kwenye maboksi ofisini kwa mkuu wa shule mpaka zinapitwa na wakati, na watoto wanasoma TEHAMA ubaoni. Hii inauma sana jamani. Bora uombe 10 na chumba kilichokamilika.

Ukishapata picha, itisha kikao, kamati ya shule kwa msingi au bodi kwa sekondari, hakikisha muhtasari una mahudhurio na sahihi. Huo muhtasari unaenda serikali ya kijiji au mtaa, mradi usomwe kwenye mkutano wa wananchi na waseme wao watachangia nini, mchanga, kupaka rangi, mlinzi wa usiku, chochote cha kweli, halafu ndio unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Mshirikishe Afisa Elimu Kata mapema ili siku ya kikao awepo wa kuutetea.

Andiko lenyewe lisizidi kurasa tatu: wanafunzi wangapi, mwalimu gani atasimamia, makisio ya gharama, mchango wa wananchi, na gharama za kila mwezi za Luku na bando zitatoka wapi. Ambatanisha profoma za maduka matatu na mihtasari yote, umwombe Afisa TEHAMA wa halmashauri apitie makisio. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa Afisa Mipango maana ndiye katibu wa kamati ya mfuko. Na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, usiondoke bila huo.

Sasa kwenye kuchagua, hapa ndio watu wanapigwa. Kompyuta used ni nzuri tu ila soma namba ya prosesa (ubongo wa kompyuta), i5-6500 hiyo 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita, i5-8500 ni cha nane. Windows 11 kwa Intel kwa kawaida inataka kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, yaani ukinunua ya kizazi cha sita ukaiacha na Windows 10 umenunua mlango usio na komeo. Kama hela ni ndogo weka Linux, mfumo endeshi wa kutumia badala ya Windows, ni bure na inaendelea kupata masasisho. Sharti la SSD (diski ya kisasa yenye kasi) na udhamini wa maandishi liwepo kwenye maombi, usiliache kwa muuzaji.

Wanafunzi wawe na akaunti yao isiyoruhusu kuinstall programu, pasiwedi ya admini abaki nayo mwalimu na nakala yake iwe kwenye bahasha kwa mkuu. Kwenye ruta badilisha pasiwedi iliyokuja nayo halafu DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) weka 1.1.1.3 ya Cloudflare, ni bure na inazuia tovuti za ngono na za virusi. Matokeo na picha za watoto zisikae kwenye mashine za darasani kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihusu na shule pia.

Hela ikitoka manunuzi yapite NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni), risiti ya EFD, kamati ya mapokezi iwashe kila mashine kabla ya kusaini, kisha namba ya shule ichongwe kwenye kava na iingie kwenye leja siku hiyohiyo.

Mkikosa msilitupe andiko. Lipelekeni halmashauri liingie kwenye mapato ya ndani, ila liwe limefika kabla bajeti haijafungwa maana mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na nakala nyingine ipelekeni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao nao hupeleka kompyuta shule za umma.