Namna ya kuandika Australopithecus afarensis bila kulimeza kama klorokwini

Juzi umeme umekatika tumekaa barazani hapa Chang'ombe, dogo wangu wa form wani akaja na daftari na tochi ya simu, kaka hili jina limenishinda kesho tuna test. Kuangalia nakuta kaandika "Australo Pithecus Afarensis", herufi kubwa kila kona na kalikata vipande vitatu. Nikacheka maana na mimi enzi zangu nilikatwa maksi kwa kosa hilohilo, na mwalimu hakunieleza kwa nini, alichora mkasi mwekundu akapita.

Sasa nilivyomuelekeza ni hivi, na inafanya kazi kwa karibu majina yote ya zamadamu, yaani viumbe wa kale wa jamii ya binadamu kama huyu Australopithecus afarensis.

Usianzie kwa zamadamu, anzia kwenye mbuyu. Hii mibuyu unayoiona ukienda Mpwapwa kisayansi inaitwa Adansonia digitata. Neno la kwanza ni la ukoo, wenyewe wanaita jenasi, hapo wamemuenzi Mfaransa Michel Adanson, la pili ndio spishi, na digitata maana yake yenye vidole, kachume jani la mbuyu uone lilivyokaa kama kiganja. Kwa hiyo jina la kisayansi ni maneno mawili tu, ukoo unatangulia kama kwenye daftari la mahudhurio. Huu mtindo aliusimika Mswidi Carl Linnaeus, na huyohuyo ndio alituandika sisi Homo sapiens mwaka 1758.

Ukishaelewa hapo ndio unalipasua jina. Australo inatoka kwenye Kilatini australis, yaani ya kusini, jamani haihusiani na nchi ya Australia, hapo wengi wanaingia mkenge. Pithecus ni Kigiriki, nyani au sokwe. Nyani wa kusini basi, kwa sababu mtafiti Raymond Dart alilitoa jina 1925 kwa fuvu la mtoto lililopatikana Taung, Afrika Kusini. Halafu afarensis: ukiona -ensis mwishoni jua ni "wa mahali fulani", na Afar iko Ethiopia, ndiko walikompata yule Lucy, mifupa maarufu ya zamadamu huyu, mwaka 1974. Ingekuwa kapatikana huku kwetu angeitwa dodomensis, dogo akafurahi sana hapo.

Ila kuna kitu kinaniuma kidogo na nilimwambia. Jina lilipotangazwa 1978, kielelezo rasmi cha spishi nzima, yaani mfupa ambao jina limefungwa juu yake, hawakuchukua Lucy, walichukua taya LH 4 la Laetoli, hapahapa Tanzania. Taya letu, jina la Afar. Na zile nyayo za Laetoli za miaka kama milioni 3.66 wengi wanasema ni za hawahawa.

Mwisho mwingine ni -i, huo ni wa kumuenzi mtu. Mtafiti Mary Leakey alipookota fuvu la zamadamu mwingine Olduvai tarehe 17 Julai 1959 likaitwa Zinjanthropus boisei, Boise ni Charles Boise aliyekuwa anafadhili utafiti huo, anthropos ni mtu, na Zinj ni jina la zamani la Waarabu kwa pwani yetu hii, ndio hilohilo limo ndani ya Zanzibar. Siku hizi wengi wanaandika Paranthropus boisei, sasa usipaniki ukikuta vitabu viwili vinagombana, ni fuvu lilelile. Na usije ukaandika kwamba huyu ndio babu yetu wa moja kwa moja, huyu ni tawi la pembeni lililokufa, mhesabu kama upande wa baba mkubwa.

Kutamka wala usiogope, silabi kwa silabi kama Kiswahili, Austra-lo-pi-the-kus, hiyo th ya thelathini.

Kuandika sasa. Neno la kwanza herufi kubwa mwanzoni, la pili ndogo zote hata kama limetoka kwenye jina la mtu au mji, ndio maana boisei haina B kubwa. Kwenye kompyuta unalaza maandishi, kwa peni unapiga mstari chini, na kila neno mstari wake, usiburuze mmoja kama unafuta ubao. Ukishaliandika kamili mara moja, huko mbele unaruhusiwa kufupisha A. afarensis, ila usianze na kifupi maana A inaweza kuwa ya yeyote, hata ya mbuyu.

Homo habilis nikamwachia apasue mwenyewe, nikampa dokezo tu kwamba habilis ni stadi wa mikono na kwamba zana za mawe za Olduvai zinahusika. Umeme unarudi yuko kwenye Homo erectus, kasimama wima katikati ya baraza ananionyesha maana yake.