Chupa ya jemu kuwa taa ya Krismasi: somo la kikundi na maswali yenu

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mliniomba somo la zile taa nilizopanga barazani Krismasi iliyopita. Wengi mlidhani nimezinunua, kumbe ni chupa tatu za jemu, moja ya asali na mbili za siagi ya karanga. Hapa Mwanza taa ya kujitengenezea si jambo geni. Makoroboi pale mjini pamepata jina kutokana na mafundi wanaogonga mabati chakavu kuwa koroboi. Sisi tutatumia mshumaa badala ya mafuta ya taa, ila mkumbuke kioo hakina uvumilivu wa bati.

Kuchagua chupa

Mdomo uwe mpana, vidole vinne viingie bila kubanwa. Shingo ikiwa nyembamba mshumaa unakosa hewa, moto unarukaruka na masizi yanajaa juu. Chupa za jemu nazipenda kwa sababu kiwandani hujazwa jemu ikiwa bado ya moto, kwa hiyo joto si geni kwake. Glasi nyembamba ya kunywea maji, hapana. Mwaka juzi niliitumia, tena bila mchanga, mshumaa ukaisha hadi chini tukiwa tunakula. Ikapasuka "pa!" na nta ikamwagika kwenye kitambaa cha meza cha mama. Mpaka leo nikienda kwake nakiona kabatini kimekunjwa, doa likiwa juu.

Kutoa karatasi

Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa. Usimimine maji yanayochemka kwenye chupa baridi, utaipasua kabla hujaanza kazi. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kula yaliyochanganywa na jivu la mkaa lililochekechwa, sugua kwa kitambaa, osha, anika kifudifudi.

Mchanga

Hapa msiruke, maana wengi wanaoniletea malalamiko hapa ndipo walipoteleza. Weka mchanga wa kina cha vidole viwili, tena uwe mkavu kabisa. Unausimamisha mshumaa, unazuia moto usifike kitako cha chupa, na nta ikitiririka inaganda humo badala ya kushika kioo. Siku ya kusafisha unachota bonge, unatia mchanga mwingine, basi.

Mchanga wa ufukweni ni mzuri, lakini chota ule mkavu wa mbali na maji. Usiingie ziwani miguu mitupu kwa ajili ya taa, kichocho mnakijua. Ukifika nyumbani uoshe mpaka maji yawe meupe, kisha uanike juu ya bati siku nzima. Msimu huu wa mvua jua likikataa, ukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka uache kutoa mvuke. Ukiwa na unyevu, mvuke utapanda na kuganda kwenye kioo, taa ionekane kama dirisha la daladala wakati wa mvua.

Mapambo

Wenzetu wa nchi za baridi hupaka gundi na chumvi ili chupa ionekane imeangukiwa na theluji. Mimi theluji nimeiona kwenye kadi tu. Nachana karatasi laini za kufungia zawadi vipande vidogo, nabandika kwa nje kwa gundi nyeupe ya maseremala niliyoizimua kwa maji kidogo. Mwanga ukipita unapata kitu kama vioo vya rangi vya kanisani. Mwaka huu nimeweka bluu iliyokoza chupa nzima, na vitone vya manjano katikati: ziwa usiku, na taa za wavuvi wa dagaa.

Acha vidole viwili wazi chini ya mdomo, pasiwe na karatasi wala gundi, kwani hapo ndipo kioo kinapopata moto zaidi. Kitenge au kamba ya katani ifungwe chini tu, isipite usawa wa mchanga.

Mshikio

Waya mwembamba wa kufungia nondo unatosha. Zungusha mara mbili chini ya mistari ya mfuniko, kaza kwa plaizi, kisha pitisha waya mwingine juu kama mkono wa ndoo. Uwe mrefu, shubiri moja, la sivyo utakuunguza. Ncha zikunje ndani.

Mshumaa

Mshumaa mrefu wa dukani ukate vipande vitatu kwa kisu kilichopashwa moto, chonga ncha mpaka utambi utokeze nusu sentimita. Uchomeke mchangani katikati, usiegemee kioo. Ncha ikae vidole vitatu chini ya mdomo, upepo wa ziwani usiufikie. Uzime kabla moto haujagusa mchanga.

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Igoma: Dada, uji wa ngano si gundi tosha?*
Unashika vizuri tu, ila mende nao wanaupenda. Niliwakuta wamekula robo ya mapambo.

*Kutoka Kirumba: Nimefanya yote lakini kioo kimekuwa cheusi ndani.*
Utambi ni mrefu. Upunguze kabla ya kuwasha tena. Kama bado, umeweka taa penye upepo, isogeze ukutani. Masizi yafute kwa karatasi kavu chupa ikishapoa.

*Kutoka Buswelu: Shikamoo. Naweza kukata chupa za soda kwa uzi wenye mafuta ya taa kama nilivyoona kwenye video?*
Marahaba mwanangu. Usifanye hivyo. Ukingo unabaki kama wembe, na moto wenyewe uko mkononi mwako. Halafu chupa ya soda ina mwenyewe, muuza duka anaisubiri kwenye kreti.

*Kutoka Nansio: Huku wadudu wa ziwani wanafuata mwanga, wanajaa ndani ya chupa.*
Hata kwangu. Ninaweka kipande cha chandarua cha waya juu ya mdomo, kile cha madirishani cha chuma. Cha plastiki kitayeyuka. Usifunike kwa mfuniko wake, moto utakufa kwa kukosa hewa.

*Kutoka Nyegezi: Mimi nataka nne za Majilio. Rangi zipangweje?*
Tatu za zambarau na moja ya pinki, hiyo ya pinki unaiwasha Jumapili ya tatu. Zianze sasa, gundi inataka siku nzima kukauka.

*Kutoka Igoma tena: Ikishika moto karatasi nimwagie maji?*
Hapana, kioo cha moto na maji baridi kitapasuka usoni mwako. Weka bakuli la mchanga pembeni, umwagie huo. Na watoto wasiachwe nazo peke yao, hata kama ni dakika ya kwenda kugeuza samaki jikoni.