Sherehe nyumbani Uingereza: lini bia inahitaji kibali cha halmashauri

Mwongozo huu ni wa anayeandaa shughuli nyumbani kwake England au Wales: sendofu, kipaimara, nyama choma ya kuchangia msiba, au mechi ya Simba na Yanga kwenye runinga ya sebuleni. Mimi napika na kusimamia vinywaji kwenye shughuli za Waswahili huku, na mara nyingi kabla hatujafika kwenye bei ya pilau naulizwa kama leseni inahitajika.

Sheria inayohusika ni Licensing Act ya 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005. Haina habari na nani kanywa nini sebuleni kwako. Inachotazama ni kuuza.

Hatua ya 1: Ifuate hela

Kaa na kamati yako, jiulizeni: kuna mtu yeyote atakayetoa pesa ndipo apate kinywaji? Kama hakuna, huhitaji kibali chochote cha pombe. Nunua kreti ishirini, gawa bure, mambo yameisha. Kila mgeni akija na chupa zake mwenyewe, ni hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba watu wetu ni mafundi wa kuibadilisha jina hela. "Hatuuzi bia, tunauza sahani ya nyama kwa pauni 15, bia ni ya bure." Hapo umeuza bia. "Kiingilio pauni 10, unapata vinywaji viwili." Umeuza. "Hatuna bei, kuna ndoo ya mchango pale kaunta." Swali ni moja tu: asiyetia kitu kwenye ndoo atapewa bia sawasawa na aliyetia? Kama mhudumu anamkazia macho mpaka atoe, ule si mchango. Kuponi, tokeni na kulipia kwa simu kesho yake, vyote ni malipo.

Na kusudi jema halikuokoi. Hili huwauma watu, hasa tunapokusanya nauli ya kusafirisha mwili wa marehemu nyumbani. Bia iliyouzwa kwa ajili ya msiba imeuzwa tu. Ushauri wangu kwa shughuli za namna hiyo: mchango wa msiba ukusanywe kivyake, kwa daftari na jina la kila mmoja, na vinywaji vigawiwe bila kuangalia daftari. Mnaokoa ada, na wafiwa hawalazimiki kujibu maswali ya afisa.

Pesa anazotunzwa bibi harusi akicheza hazihusiki na pombe, kwa hiyo msiogope. Bahati nasibu ndogo ndani ya sherehe, ambayo zawadi yake ni chupa ya mvinyo au pombe kali, nayo inaruhusiwa bila kibali cha pombe. Sharti chupa iwe haijafunguliwa na mapato yasiishie mfukoni mwa mtu.

Ukiuza bila kibali, adhabu ni faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Kwa hiyo kama jibu la hatua hii ni "ndiyo, tutauza", endelea kusoma.

Hatua ya 2: Soma mkataba wa nyumba

Kibali cha halmashauri hakimfungi mwenye nyumba wako. Mikataba mingi ya upangaji inakataza biashara ndani ya nyumba na kelele kwa majirani. Mwandikie, upate jibu la maandishi. Akikataa, tafuta ukumbi.

Hatua ya 3: Hesabu siku

Hati unayohitaji inaitwa Temporary Event Notice, na maofisini wanaifupisha TEN. Siyo leseni. Ni taarifa kwa halmashauri kwamba siku fulani, mahali fulani, utauza pombe kwa muda mfupi. Ada yake ni pauni 21. Anayeitoa lazima awe mtu mmoja mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Jina la chama au kikoba halikubaliki. Asiye na leseni binafsi ya pombe anaruhusiwa kutoa 5 kwa mwaka, kwa hiyo kamati za watu wengi wapokezane.

Ifike halmashauri siku 10 za kazi kabla ya shughuli, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Siku inayopokelewa haihesabiwi, siku ya shughuli haihesabiwi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Tuchukue sherehe ya Jumamosi, tarehe 20 Juni 2026. Unarudi nyuma kuanzia Ijumaa tarehe 19, siku kumi za kazi, unafika Jumatatu tarehe 8. Basi taarifa iwe imepokelewa Ijumaa tarehe 5. Anayesema "wiki mbili zinatosha" akapeleka Jumatatu tarehe 8 amechelewa.

Ipo taarifa ya kuchelewa, ya kati ya siku 5 na 9 za kazi. Kwa mfano wetu, mwisho wake ni Ijumaa tarehe 12. Siipendi. Polisi au idara ya afya ya mazingira wakipinga taarifa ya kawaida, kuna kikao na unasikilizwa. Wakipinga iliyochelewa, shughuli ya kuuza imekufa hapo hapo, bila kikao. Isitoshe, kwa mtu asiye na leseni binafsi, za kuchelewa ni 2 tu kati ya zile 5.

Hatua ya 4: Jaza fomu

Ingia tovuti ya halmashauri ya eneo lako. Ukijaza mtandaoni, wao wenyewe wanapeleka nakala polisi na afya ya mazingira. Ukitumia karatasi, nakala hizo ni jukumu lako.

Idadi ya watu: andika wengi zaidi watakaokuwepo kwa wakati mmoja, pamoja na wapishi, emsii na dijei. Sheria inaishia 499, lakini kwa nyumba ya vyumba vitatu andika namba inayoaminika. Afisa akiona 200 kwenye nyumba iliyobanana na jirani ukuta kwa ukuta, atapiga simu.

Saa: fomu inataka saa za kizungu. Saa 2 usiku ni 20:00. Namwomba kila mtu amkabidhi fomu mwenzake aisome kabla ya kuituma, kwa sababu kuandika 02:00 ni rahisi kuliko unavyodhani, na muda ulioandikwa ndio unaoruhusiwa kuuza.

Chakula: kama utauza supu au mishikaki ya moto kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, weka alama pia kwenye kisanduku cha chakula cha usiku. Ukigawa bure, hakuna haja.

Polisi na afya ya mazingira wana siku 3 za kazi za kupinga tangu wapokee. Wakinyamaza, umepita.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Bandika taarifa mahali panapoonekana. Asiyefikisha miaka 18 hauziwi, hata kama mjomba wake anasema ametumwa. Na kwenye kipaimara, ambapo watoto wanajaa, kumbuka kumpa pombe mtoto wa chini ya miaka 5 ni kosa hata nyumbani kwako na hata bila senti moja kupita.

Kelele zina sheria yake na TEN haizifuti. Kati ya saa 5 usiku na saa 1 asubuhi halmashauri inaweza kupima sauti, kukuonya, kukutoza faini, na ikibidi kubeba spika. Nenda kwa majirani mapema na namba ya simu ya mtu asiyekunywa.

Kuhusu pombe za kienyeji: mbege au busaa ya kunywa nyumbani, isiyouzwa, haina ushuru. Gongo, chang'aa na waragi ni habari nyingine kabisa. Kuchemsha pombe kali bila idhini ya HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, ni kosa hata kama ni kikombe chako mwenyewe. Usinipigie simu kwa hilo.

Uskoti ina utaratibu wake wa kibali cha mara moja, ambacho mtu wa kawaida asiye na leseni hawezi kukiomba kwa jina lake, kwa hiyo Glasgow msitumie mwongozo huu.

Sherehe ikiahirishwa

Iandikie halmashauri kwamba unaiondoa taarifa, angalau saa 24 kabla ya muda wa kuanza. Pauni 21 usizitegemee kurudi, ila taarifa iliyoondolewa haihesabiwi kwenye zile 5 zako za mwaka.