Kurekebisha Themu ya WordPress kwa PHP Bila Kugusa Faili za Themu Yenyewe

Watu wengi huanza hivi: wanafungua faili ya themu (kifurushi cha faili kinachoipa tovuti ya WordPress sura yake), wanabadilisha mistari miwili, ukurasa unakaa vizuri, wanafunga kompyuta. Baada ya muda themu inatoa toleo jipya, mtu anabonyeza kitufe cha kusasisha, na kila alichobadilisha kinafutika. WordPress haijakosea hapo. Kusasisha themu maana yake ni kuliondoa folda la zamani na kuweka jipya mahali pake.

Mwongozo huu unakuonyesha njia ambayo kazi yako haitafutika. Mfano ni themu ya Twenty Twenty-One, iliyokuja na WordPress 5.6 mwezi Desemba 2020, kwa sababu ni ya bure na faili zake zinasomeka kwa urahisi. Ukiwa na themu nyingine, badilisha majina tu.

Kwanza, ijue themu yako ni ya aina gani

Ingia kwenye folda la `wp-content/themes/`, fungua themu unayotumia, uangalie ndani. Ukikuta `page.php`, `single.php`, `header.php` na `footer.php`, hiyo ni themu ya kawaida na kila hatua hapa chini inakuhusu. Ukikuta folda la `templates` lililojaa faili za `.html`, hiyo ni themu ya bloku (ambayo kurasa zake hujengwa kwa vipande), aina iliyoingia rasmi na toleo la 5.9 mwezi Januari 2022. Kwenye themu ya bloku hatua ya 1 na ya 3 zinafanya kazi vilevile, na katika hatua ya 2 linalobadilika ni jina la stailishiti (faili ya CSS ya mitindo) ya themu mzazi, yaani ile unayoirekebisha, kama ipo. Kurasa zenyewe ndizo zinazopangwa kwa kihariri cha tovuti badala ya faili za PHP, kwa hiyo hatua ya 4 iruke.

Fanya majaribio kwenye nakala ya tovuti iliyo kwenye kompyuta yako, XAMPP (programu inayoifanya kompyuta yako iwe seva) inatosha, na uandike kwa kihariri cha kweli kama VS Code. Kile kihariri cha faili kilichomo ndani ya dashibodi kiache. Hakikuwekei nakala ya jana ya kurudi kwayo pale mambo yanapoharibika.

Hatua ya 1: Tengeneza themu mtoto

Themu mtoto ni folda dogo linalorithi kila kitu kutoka kwa themu mzazi, kisha linabadilisha kile tu unachotaka. Mzazi akisasishwa, mtoto haguswi.

Ndani ya `wp-content/themes/` tengeneza folda liitwe `tovuti-mtoto`. Ndani yake weka faili ya `style.css` yenye maneno haya juu kabisa:

```css
/*
Theme Name: Tovuti Mtoto
Template: twentytwentyone
Version: 1.0.0
*/
```

Mstari wenye uzito ni `Template`. Hapo linaandikwa jina la folda la mzazi, siyo jina la themu linaloonekana kwenye dashibodi. Ukiandika `Twenty Twenty-One` badala ya `twentytwentyone`, WordPress itakuambia themu mzazi haipo, hata kama unaiona kwa macho yako.

Nenda kwenye menyu ya Appearance, kisha Themes, uiwashe. Themu nyingi za kawaida huhifadhi menyu na mipangilio ya Customizer (sehemu ya dashibodi ya kubadilisha mwonekano) kwa kila themu peke yake, hivyo usishtuke ukiona menyu imehama au logo imetoweka baada ya kuwasha. Irudishe kwenye mipangilio, uendelee.

Hatua ya 2: Pakia mitindo kupitia functions.php

Ndani ya folda hilohilo ongeza faili ya `functions.php`:

```php
<?php
add_action( 'wp_enqueue_scripts', 'mtoto_pakia_mitindo', 20 );

function mtoto_pakia_mitindo() {
    wp_enqueue_style(
        'mtoto-mitindo',
        get_stylesheet_uri(),
        array( 'twenty-twenty-one-style' ),
        wp_get_theme()->get( 'Version' )
    );
}
```

Kile kilicho ndani ya `array` kinaiambia WordPress: pakia kwanza stailishiti ya mzazi, halafu yangu. Jina hilo usilikisie. Fungua tovuti kwenye kivinjari, tazama chanzo cha ukurasa, utafute `<link` inayobeba `style.css` ya mzazi. Utaona `id="twenty-twenty-one-style-css"`. Ondoa `-css` ya mwisho, kinachobaki ndicho jina lenyewe. Ukikosea herufi moja, mitindo yako haitapakiwa kabisa, na kwenye skrini hakuna kosa litakalotokea. Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima wakifuta kashe (nakala za muda) ya kivinjari bure.

Kuna mambo mawili kuhusu faili hii. La kwanza, `functions.php` ya mtoto haiifuti ya mzazi: zote mbili zinasomwa, na ya mtoto inasomwa kwanza. Ndiyo maana kila fanksheni hapa inaanza na `mtoto_`. Majina mawili yakifanana, PHP itasimama na kudai jina limekwisha kutumika. La pili, usiweke `?>` mwishoni mwa faili. Nafasi moja tupu ikibaki baada yake inatosha kuleta lile kosa la "headers already sent".

Hatua ya 3: Anza na ndoano, siyo kunakili faili

Hapa ndipo mimi hutofautiana na miongozo mingi, inayokuambia unakili `single.php` kutoka kwa mzazi kisha uibadilishe. Inawezekana, lakini ukishanakili faili umejitwika jukumu la kuitunza. Mzazi akirekebisha dosari ndani ya faili ile, nakala yako inabaki na dosari ileile. Kwa hiyo kabla ya kunakili chochote, jiulize kama kuna ndoano.

Ndoano ni mahali ambapo WordPress, ikiwa katikati ya kazi yake, inasimama na kuuliza kama kuna mtu mwenye la kuongeza. `add_action` unaitumia unapotaka jambo litendeke wakati huo. `add_filter` unaitumia pale unapopewa kitu, unakigeuza, kisha unakirudisha; fanksheni ya namna hii huitwa kichujio.

Tuseme unataka msomaji aone tarehe ambayo makala ilirekebishwa, na ionekane tu kama ilirekebishwa kweli baada ya siku ya kuchapishwa:

```php
add_filter( 'the_content', 'mtoto_tarehe_ya_marekebisho' );

function mtoto_tarehe_ya_marekebisho( $maudhui ) {
    if ( ! is_singular( 'post' ) || ! in_the_loop() || ! is_main_query() ) {
        return $maudhui;
    }

    if ( get_the_modified_date( 'Ymd' ) <= get_the_date( 'Ymd' ) ) {
        return $maudhui;
    }

    $mstari = '<p class="marekebisho">Imerekebishwa: '
        . esc_html( get_the_modified_date( 'd/m/Y' ) )
        . '</p>';

    return $mstari . $maudhui;
}
```

Isome taratibu. Sharti la kwanza linazuia mstari huu usitokee kwenye kurasa za kawaida, kwenye orodha za makala, au pale plagini (programu ya nyongeza) fulani inapoita `the_content` kwa shughuli zake. Sharti la pili linalinganisha tarehe. Kilicho muhimu kuliko vyote ni kwamba kila njia ya kutoka ina `return`. Ukisahau `return` mahali pamoja, makala nzima inapotea: kichwa kipo, picha ipo, maandishi hakuna. Ukiona dalili hiyo, usihangaike na hifadhidata. Nenda moja kwa moja kwenye vichujio vyako.

Tumia pia `return`, siyo `echo`, ndani ya kichujio na ndani ya shotikodi (neno kwenye mabano ya mraba ambalo WordPress hulibadilisha kuwa maudhui). Ukitumia `echo`, maandishi yako yatajitokeza mahali ambapo hukuyaita, mara nyingi juu ya maudhui.

Ipo njia nyingine isiyozungumzwa sana. Baadhi ya fanksheni za mzazi zimefungwa ndani ya `if ( ! function_exists( ... ) )`. Katika Twenty Twenty-One, mojawapo ni `twenty_twenty_one_posted_on`, inayochapisha tarehe ya makala. Kwa kuwa faili ya mtoto inasomwa kwanza, ukiandika fanksheni yenye jina hilo kwenye `functions.php` yako, ya mzazi inakaa pembeni na yako ndiyo inayotumika. Hujanakili faili yoyote.

Kuondoa kitu alichoongeza mzazi kunahitaji subira kidogo. `remove_action` ikiandikwa wazi tu kwenye faili ya mtoto haifanyi kitu, kwa sababu wakati huo mzazi bado hajaongeza anachotaka kukiongeza. Iweke ndani ya fanksheni iliyofungwa kwenye `init`, na namba ya kipaumbele iwe ileile aliyotumia mzazi. Kama hakuandika namba, ni 10.

Hatua ya 4: Ukurasa wenye mpangilio wake

Wakati mwingine ndoano haitoshi, unahitaji ukurasa mzima ulio tofauti. Kwa ukurasa, WordPress hutafuta faili kwa mfuatano huu: kiolezo (faili ya mpangilio) ulichokichagua mwenyewe kwenye kihariri, kisha `page-slagi.php` (slagi ni jina fupi la ukurasa kwenye anwani yake), kisha `page-namba.php` (namba ya ukurasa ndani ya WordPress), kisha `page.php`, `singular.php`, na mwisho `index.php`. Inayopatikana kwanza ndiyo inayotumika, na kwa kila jina mtoto anaangaliwa kabla ya mzazi.

Ukurasa ukiwa na slagi ya `mawasiliano`, faili ya `page-mawasiliano.php` itaushika yenyewe. Napendelea kiolezo chenye jina, kwa sababu mhariri akibadilisha slagi siku moja, faili yenye slagi inakatika kimyakimya. Tengeneza `kiolezo-habari.php`:

```php
<?php
/*
Template Name: Ukurasa wa Habari
*/
get_header();

while ( have_posts() ) {
    the_post();
    the_title( '<h1 class="entry-title">', '</h1>' );
    the_content();
}

$habari = new WP_Query( array(
    'category_name'  => 'habari',
    'posts_per_page' => 5,
    'no_found_rows'  => true,
) );

if ( $habari->have_posts() ) {
    echo '<ul class="orodha-habari">';
    while ( $habari->have_posts() ) {
        $habari->the_post();
        printf(
            '<li><a href="%s">%s</a></li>',
            esc_url( get_permalink() ),
            esc_html( get_the_title() )
        );
    }
    echo '</ul>';
    wp_reset_postdata();
}

get_footer();
```

Fungua ukurasa kwenye kihariri, na kwenye mipangilio ya upande wa kulia chagua kiolezo cha "Ukurasa wa Habari". Ingawa jina lake ni `category_name`, inataka slagi ya kategoria. `no_found_rows` inaiepushia hifadhidata kazi ya kuhesabu makala zote, kwa kuwa hapa hatuna kurasa za mbele na nyuma. Na `wp_reset_postdata()` usiiache: bila hiyo, chochote kitakachofuata chini ya orodha kitadhani kiko ndani ya makala ya mwisho ya habari.

Umbo likionekana kukaa vibaya, fungua `page.php` ya mzazi uone ni `<article>` na klasi gani zinazozunguka maudhui, kisha uzifuate.

Hatua ya 5: Safisha kila kinachotoka

Data yoyote iliyoandikwa na mtu isichapishwe kwenye ukurasa ikiwa ghafi. Maandishi yapite `esc_html()`, viungo `esc_url()`, thamani za atributi `esc_attr()`. Fanya hivyo pale pale unapochapisha, hata kama unamwamini aliyeandika:

```php
$namba = get_post_meta( get_the_ID(), 'namba_ya_simu', true );
if ( $namba ) {
    echo '<p>Simu: ' . esc_html( $namba ) . '</p>';
}
```

Hatua ya 6: Ukurasa ukiwa mweupe

Kwenye `wp-config.php` ya nakala ya majaribio, tafuta mstari wa `WP_DEBUG` ambao tayari upo na uubadilishe. Usiongeze wa pili. Iwe hivi:

```php
define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );
```

Makosa yataandikwa kwenye `wp-content/debug.log`, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Soma pia mstari ulio juu ya ule uliotajwa: nukta-mkato iliyosahaulika huonekana kama kosa la mstari unaofuata.

Tangu toleo la 5.2, WordPress ikipata kosa zito humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia dashibodi kwa usalama. Barua isipofika, ingia kwa FTP (njia ya kufikia faili zilizo kwenye seva) na uiite `functions.php` ya mtoto jina jingine, kwa mfano `functions-mbovu.php`. Acha mwisho wa `.php` ubaki. Ukiigeuza kuwa `.bak` au `.txt`, seva nyingi zitamwonyesha mtu yeyote kodi yako kama maandishi ya kawaida.

Nini kisikae kwenye themu

Shotikodi, aina mpya za maudhui, na chochote ambacho tovuti itakihitaji hata ukibadilisha themu kesho, kiweke kwenye plagini ndogo. Ni faili moja ndani ya `wp-content/plugins/`, yenye `Plugin Name:` kwenye maelezo yake ya juu, na kodi iliyobaki ni ileile. Mimi hutenganisha hivi: kama jambo linahusu sura, ni la themu mtoto, kama linahusu maudhui, ni la plagini.

Na kama mwishowe ililazimu kunakili faili kutoka kwa mzazi, andika kwenye komenti ya juu ni toleo gani ulilinakili. Mzazi akisasishwa, linganisha faili mbili hizo kwa `diff` au kwa VS Code, uhamishe yaliyobadilika kwa mkono, kisha ubadilishe namba ya toleo kwenye ile komenti.