Somo: Kuwafundisha wanafunzi wa usanifu kukusanya maoni ya watumiaji

Mwanafunzi wa usanifu wa bidhaa akiagizwa akusanye maoni, mara nyingi hugawa dodoso kwa marafiki zake na kurudi darasani na jibu moja tu, kwamba bidhaa ni nzuri. Somo hili linatumia jiko la mkaa, kwa kuwa wengi wao wamewahi kulipuliza.

Hatua ya 1. Anza na jiko la kauri, yaani lenye udongo uliochomwa ndani yake, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980. Wazo lake lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, lakini lile la Nairobi lina kiuno chembamba na kitako kipana, na kauri yake hukaa nusu ya juu tu. Waulize kitako kipana ni cha nini. Usiwajibu, wape mwiko wasonge ugali juu yake.

Hatua ya 2. Kila mwanafunzi aombe ruhusa ya kukaa na mpishi tangu moto unapowashwa hadi majivu yanapomwagwa. Apime mkaa kwa mizani kabla na baada ya mapishi, na aandike mikono inafanya nini: jiko linashikwa wapi, linasogezwa mara ngapi, linazuiwa kwa mguu au kwa kitambaa. Hapa bado haulizwi mtu swali.

Hatua ya 3. Ndipo aulize, tena kuhusu jambo lililokwisha kutokea: “Jana ulipika nini, na kipi kilikusumbua?” Ukimuuliza mwenyeji wako kama jiko lako ni zuri, atakwambia ni zuri, hakukudanganya, amekustahi wewe mgeni wake.

Hatua ya 4. Daftari liwe na safu tatu: alichofanya, alichosema, ninachodhani. Nimesahihisha madaftari mengi ambayo safu ya tatu imejipenyeza katika ya kwanza.

Hatua ya 5. Abadilishe kitu kimoja tu katika jiko, kisha arudi kwa mpishi yule yule.

Maswali na majibu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mpishi mmoja anataka jiko kubwa, mwingine dogo. Tumfuate nani?
Jibu: Marahaba. Mwulize kila mmoja sababu yake. Huenda wa kwanza anapikia watu kumi, na wa pili analalamikia uzito anapolitoa nje kila asubuhi. Shida ni ya mpishi kuieleza. Ukubwa wa jiko ni kazi yako kuutafuta.

Swali: Nina wanafunzi sitini. Nitawapeleka nyumba zipi?
Jibu: Waende kwa mama lishe wa karibu na chuo, wawili wawili kwa zamu, na wanunue chakula. Wasiende saa saba mchana, wateja wanapokuwa wamejaa.

Swali: Je, tuwalipe wapishi?
Jibu: Rudisheni gharama ya mkaa na muda wao, na kiasi kitajwe kabla ya kuanza, ili asiwepo anayesifia jiko akitarajia kuongezwa.